Jina la Mtoto wa Nasieku

Mimi siku hizi siiti mtu kwa jina. Wajukuu zangu hapa Rhotia, Karatu, wananicheka. Nikimtaka mmoja nasema, "Wewe wa sweta jekundu, njoo," naye wa sweta jekundu anakuja huku anamkonyeza mwenzake kwamba bibi anazeeka vibaya. Waache wacheke. Sijazeeka. Nina miaka hamsini na sita, dengu zangu nalima kwa mkono wangu, na majina yao yote ninayo kichwani, hata ya ubatizo. Ila kuita kunanitia hofu, na hofu hiyo niliitoa Soitpus, nilikokaa miaka mitatu kasoro nikiwa katekista. Huko ndiko nilikokutana na Nasieku, na habari zake ndizo ninazotaka kuzisema. Jina la mtoto wake sitalitaja, msiniulize.

Soitpus ni kilima mbele ya Endulen, ndani kabisa ya hifadhi. Mvua ikikolea, makorongo ya pande zote mbili yanajaa na gari halipiti, ndiyo maana watu wa chini wanapaita kisiwani. Mtu akiugua huko mwezi wa nne, utasikia wanasema, "Basi, huyo yuko kisiwani, tumwombee." Bahari yenyewe ni ukungu. Asubuhi unafungua mlango huoni hata choo chako.

Nilipelekwaje huko? Kiherehere changu. Mume wangu alikuwa amefariki, mwanangu Josephati ameshaoa, nyumba imenipwaya. Padre akasema kigango cha Soitpus hakina katekista tangu Moloimet ahamie Malambo, nani yuko tayari? Watu wakaangalia viatu vyao. Mimi nikanyoosha mkono. Sikuwa na neno la Kimasai zaidi ya salamu ya "sopa", na hiyo hata madereva wa watalii pale Karatu wanaijua.

Nilifika na magodoro mawili, mfuko wa mahindi na mbegu za sukuma. Mbegu nikaambiwa nizirudishe nilikozitoa, huko hakulimwi. Mmbulu asiyelima ni mtu asiye na mikono, nawaambia. Wiki ya kwanza nilikaa mlangoni nikilia kimyakimya, nikijifanya nachambua mchele.

Siku ya nane akaja mama mmoja mrefu, shuka la buluu, mguu mmoja anauburuta kidogo. Akasimama mbele yangu akasema, "Takwenya." Nikatabasamu kama zuzu. Akarudia, "Takwenya." Halafu akajijibu mwenyewe, "Iko," akaninyooshea kidole. Nikasema, "Iko." Akakaa chini. Basi, shule ikafunguliwa.

Huyo ndiye Nasieku. Tulikuwa karibu rika moja, lakini nilimwita yeyo, yaani mama, kwa sababu alinifundisha kusema kama mtoto anavyofundishwa. Nilikuja na daftari na peni. Akavichukua akavitia chini ya kitanda changu. Yeye alifundisha kwa kutuma. "Lete hiki, peleka kile, mwambie fulani hivi." Nikileta kibuyu badala ya kamba, anacheka mpaka anashika ukuta, halafu ananirudisha. Hanitajii kwa Kiswahili hata nife. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha bei na rangi za ng'ombe, na hata hicho alininyima.

Alikuwa na mdomo! "Babu zako Wambulu walijichimbia nyumba chini ya ardhi wakituogopa," aliniambia siku moja tukikamua, nilipokuwa nimeshaelewa maneno ya kutosha kutukanwa. "Leo wewe umekuja na miguu yako, umeleta na godoro." Nikamjibu, kwa Kimasai kilichopinda, kwamba babu zangu hawakuogopa Wamasai, waliogopa harufu yao. Nilidhani nimevuka mpaka. Alianguka kwa kicheko, maziwa yakamwagika, akaenda kuwasimulia boma zima.

Alizaliwa upande wa Malambo, akaolewa Soitpus akiwa bado hajakoma kucheza. Mume alishafariki. Ule mguu alivunjwa na ng'ombe wakati wa ukame, akimwinua aliyeanguka. Ila sifa yake kubwa ilikuwa mikono. Mtoto akikaa vibaya tumboni, anaitwa Nasieku. Anajipaka samli viganjani, anamlaza mama, anamgeuza mtoto taratibu huku anamsemesha. Hata wauguzi wa hospitali ya Endulen walimjua.

Niliwahi kumuuliza ana watoto wangapi. Hilo lenyewe lilikuwa kosa, watoto kwao hawahesabiwi, lakini kwa kuwa alinipenda alijibu. "Wanne." Halafu akanyanyuka kumfukuza ndama. Nikatazama. Hakukuwa na ndama.

Sasa kosa langu. Kwetu Karatu mwezi wa Novemba ni wa marehemu. Kila familia inaandika majina ya watu wake kwenye karatasi, yanatiwa kikapuni pamoja na sadaka, na tarehe mbili yanasomwa kanisani kwa sauti, moja moja. Kwetu ukisahau kuandika jina la marehemu wako umemtupa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa sijui kusema, nikaacha. Mwaka wa pili Kimasai kimeshanikaa, nikachukua kikapu nikazunguka maboma. Boma la kwanza wakaniambia hawana marehemu. La pili, hawana. La tatu, mzee akaniangalia kama nimeomba kumchinja mke wake, akasema hapa hakuna aliyekufa. Loo! Kilima kizima, watu miaka na miaka, hakuna aliyekufa? Nikasema moyoni, hawa wanaogopa tu kutoa sadaka. Haki ya Mungu, ndivyo nilivyofikiri. Naona aibu mpaka leo.

Kwa ujuaji wangu nikaenda kwenye daftari la ubatizo la kigango. Moloimet alikuwa na mwandiko mzuri. Nikapata majina sita ya waliobatizwa katika hatari ya kufa wakafa kweli. Jina la pili lilikuwa la msichana wa miaka saba, homa ya uti wa mgongo, miaka kumi na mitatu nyuma. Mama yake: Nasieku. Nikaketi. Kumbe ni watano! Machozi yakanitoka, nikasema, mwalimu wangu, mwaka huu nitakuombea mwanao, nitakufurahisha.

Tarehe mbili kanisa lilijaa. Nasieku alikaa mbele, na pembeni yake mkwewe Lilian, mke wa mwanawe Supeet, mjamzito wa miezi saba, anasinzia kwa joto la watu. Nikasoma jina la kwanza. Vichwa vikainama. Nikasema watu wamezama katika sala. Nikasoma la pili, lile, kwa sauti yangu yote, kama tunavyosoma kwetu, kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya shamba.

"Abee!"

Lilian alikuwa ameshtuka usingizini na ameitika, vile mabinti wanavyofundishwa shuleni kuitika. Alisimama kabisa. Halafu akajishika mdomo, macho yamemtoka, akaketi polepole.

Hakuna aliyenigombeza. Ningeshukuru kama wangenigombeza. Nasieku aliinuka, akajifunika shuka kichwani, akatoka bila kuniangalia. Bibi mmoja akajitemea mate kifuani. Wakatoka wote, mmoja mmoja, ukungu ukawameza pale mlangoni. Nikabaki na kikapu changu na majina manne.

Nilipanda kwenye jiwe ambako mtandao unashika, nikampigia Moloimet.

"Mama Josephati, umesoma majina?"

"Nimesoma."

"Kwa sauti?"

Nikasema ndiyo, na kwamba Lilian ameitika. Ndipo akanieleza. Mzee akifa ameacha wajukuu, jina lake linaweza kuendelea. Lakini anayekufa mdogo, jina lake linaondoka naye, na nyumba ile hailitaji tena milele. Na kama kuna mwingine mwenye jina hilohilo, anabadilishiwa. Lilian na yule mtoto walikuwa wamezaliwa mwaka mmoja, maboma jirani, wakicheza pamoja, na walikuwa na jina moja. Mwenzake alipokufa, yeye akapewa la Lilian.

"Umemwita marehemu," Moloimet alisema, "na aliye hai ameitika. Na ana mimba. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Mimi ni mtu wa kanisa, nimefundisha mamia ya watoto kwamba wafu wako mikononi mwa Mungu na hawaitwi kwa kikapu. Lakini siku ile nilishuka kwenye jiwe nikiangalia nyuma.

Kesho yake nikakutana na mama jirani kisimani. "Takwenya," nikasema. Akainamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo, mwalimu." Kiswahili! Nikajaribu kwa mwingine, Kiswahili. Watoto walionifundisha majina ya ndege, Kiswahili cha darasani, kikavu. Waliniletea maziwa kama kawaida, waliniletea kuni, hakuna aliyenifanyia ubaya. Ila Kimasai kilifungwa. Nikipita, mazungumzo yanakatika; nikishapita, yanaanza. Miaka miwili nimejifunza kusema na watu wale, na sasa nilikuwa mgeni kuliko siku ile ya magodoro. Iliniuma sana. Nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, ambaye nyumba ikifiwa alikuwa hapiti hata kwenye njia yake kwa miezi, na sisi wasomi wa dini tulimcheka. Yeye asingefanya nilichofanya.

Mtaniona mjinga, lakini nitasema. Jioni moja nilimpigia kelele mtoto wa jirani aniletee ndoo, nikamwita kwa jina lake. "Abee," ikajibu sauti nyuma ya tangi la maji. Nikazunguka. Hakuna mtu. Na tope lile, mvua imetoka kunyesha, halikuwa na unyayo hata wa kuku. Sisemi ni yeye, na sisemi si yeye. Tangu siku hiyo nikawa sithubutu kuita.

Hali ya Lilian ilikuwa mbaya zaidi. Aliacha kula. Ukimwita hata kwa hilo la Lilian, anageuka kwanza pembeni, kama anayesubiri mwingine aitike kabla yake. Watu wakaacha kumwita. Wakimtaka wanamgusa bega. Na Nasieku, ambaye mikono yake ilimpokea kila mtoto wa kilima kile, alisema mkwewe hatamgusa. Supeet alinieleza mwenyewe, kwa Kiswahili, amesimama mbali na mlango wangu. "Mama anasema: ameitwa, ameitika. Nikimshika, nitakuwa nimemshika yupi?"

"Mpeleke hospitali mapema," nikamwambia. "Leo. Kesho."

"Tutampeleka wiki ijayo, mwalimu."

Wiki ijayo haikufika. Vuli ya mwaka ule haikuwa vuli, ilikuwa gharika. Kabla ya mwezi wa kumi na mbili kwisha makorongo yalifunga pande zote mbili, na uchungu ukamshika Lilian alfajiri ya siku ya pili ya mvua. Nikapanda kwenye jiwe, nikapiga simu. Gari likaja kweli, Mungu awabariki, likasimama ng'ambo ya korongo, taa zinawaka kwenye ukungu, na maji katikati yanavingirisha mawe. Dereva akasubiri, akapiga honi, tukamsikia. Ndiyo hivyo tu.

Mchana ukapita. Usiku ukapita. Asubuhi wakasema mtoto amelala mkingamo na Lilian hapigi kelele tena. Nilipiga magoti ndani nikishindwa hata kusali, maana kila sala ninayoijua ina kuita ndani yake. Nilijua kitu kimoja. Binti yule akifa, nimemuua mimi, kwa sauti yangu nzuri ya kusoma.

Mlango ukafunguliwa. Nasieku, amelowa mpaka ngozi, miezi miwili hajakanyaga kwangu.

"Kitabu," alisema kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Leta."

Nikaleta daftari. Akajipangusa mikono kwenye shuka langu la kitanda kabla ya kuligusa daftari.

"Umemtoa humu?"

"Ndiyo, yeyo."

"Bado yumo?"

"Yumo."

"Futa."

Mimi nikaanza maneno. Hilo ni daftari la kanisa, yeyo, si langu, halifutwi, aliyebatizwa amebatizwa. Hata pale, jamani, binti anakufa, bado nilikuwa na mahubiri. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mungu anasoma kitabu hiki?"

"Hapana," nikasema. "Yeye ana chake."

"Basi futa hiki. Atakuja mwingine kutoka kwenu, atamwita tena. Na tena. Hatalala. Futa, nikamshike Lilian nikijua ni Lilian."

Nikachukua peni. Nikafungua ukurasa, nikaweka ncha ya peni pale. Akanishika kifundo.

"Nionyeshe kwanza."

Hakujua kusoma, Nasieku. Miaka kumi na mitatu hakujua kwamba mtoto wake ameandikwa mahali. Nikamwekea kidole chake mwanzo wa jina. Akakisogeza, polepole, mpaka lilipoishia.

"Yote haya ni yeye?"

"Yote haya."

Akarudisha kidole mwanzo, akapita tena. Mara tatu nilihesabu. Nje mtu alikuwa anamwita aende haraka, naye hakusogea. Halafu akaondoa mkono, akaangalia ukutani. "Futa."

Nikafuta. Nilipitisha peni juu yake mpaka karatasi ikatoboka, na wino ukaingia hadi ukurasa wa nyuma. Nilipoinua kichwa ameshatoka, namsikia anaburuta mguu kwenye tope.

Mtoto alizaliwa alasiri, wa kike, analia kwa nguvu zote. Nilimsikia kutoka kwangu nikakaa chini palepale nilipokuwa, kwenye sakafu. Supeet akaja akaniambia Lilian amekunywa supu na amemwomba mama mkwe amwongezee. Siku ya tatu maji yakapungua, gari likawachukua wote wawili kwenda kuangaliwa, wakarudi wazima. Msiniulize ni mikono au ni wino. Mimi nimeuliza sana, nimechoka.

Pasaka padre alipita kukagua madaftari. Nikamweleza yote, sikumficha kitu. Alishika kichwa muda mrefu. Hakunikaripia, ila alisema katekista aliyetoboa daftari la ubatizo hawezi kubaki nalo, na kweli, hawezi. Nikaambiwa nirudi Karatu baada ya masika. Sikubisha.

Siku ya kuondoka watu waliniaga vizuri, kwa Kiswahili. Lilian alinipa mtoto nimbebe. Nasieku akachukua begi langu, akanisindikiza mpaka gari liliposimama, mguu wake unamsumbua. Magodoro yalishapakiwa. Dereva amewasha.

Ndipo akaanza kusema kwa Kimasai. Nilikuwa sijaambiwa neno la Kimasai kwa miezi saba, na nilikaribia kukosa mwanzo wake.

"Siku ile kanisani ulidhani nimetoka kwa hasira."

"Nilikukosea, yeyo."

"Ulinikosea. Lakini sikutoka kwa hasira." Aliongea polepole, kama zamani aliponituma kitu kigumu, aone kama nimeelewa. "Nyumbani kwangu hakuna anayeweza kulisema. Mimi mwenyewe siwezi. Miaka kumi na mitatu sikuwa nimelisikia. Nilitoka haraka nisije nikakuomba umwite tena."

Mimi na mdomo wangu huu. Nilivuta pumzi, jina likanifika kwenye ulimi. Akaniwahi, akaniziba mdomo kwa kiganja. Kilinuka samli. Hakukiondoa, wala mimi sikugeuza uso, tukabaki tumesimama hivyo, macho yake ameyafumba, mpaka dereva alipopiga honi mara ya tatu.